Kongo Moja Inatosha

Kwanza tuelewane: Bupe hakuwa mbumbumbu. Alitoka Tukuyu na cheti cha kidato cha nne chenye A moja tu, na hiyo A ilikuwa ya Kiswahili. Mama yake aliitangaza kanisani kana kwamba binti kateuliwa waziri. Ukimuuliza leo ni nini kilichoharibu Jumatatu ile, hatawataja wale jamaa wa getini, wala Président Anatole, wala vita. Atakwambia ni ile A. Mtu asiyejua Kiswahili angeuliza. Yeye alijua, akaona aibu kuuliza.

Durban alikuwa na mwaka wa nne. Kazi yake ilikuwa kuchapa mabango kwa Zénon, Mrundi mwenye karakana Umbilo Road. Alichapa mabango ya saluni, ya wauza simu, na ya wachungaji wanaoponya migongo huku wao wenyewe wakitembea wamejishika kiuno. Kulala alilala Greyville, ghorofa ya tatu, chumba alichochangia na Mama Henriette. Huyu alikuwa Mkongomani wa Bukavu, msusi, miaka hamsini na mbili, mwenye kicheko cha kugongewa ukuta na majirani na mwenye ugonjwa wa sukari.

Hiyo sukari ndiyo habari yenyewe. Kwenye mlango wa friji yao, pembeni ya maziwa ya Bupe, zilikaa kalamu za insulini ambazo Mama Henriette alipewa kila mwezi kliniki. Sasa ilikuwa wiki ya tatu tangu kundi la waandamanaji liweke kambi kwenye geti la kliniki hiyo, na fulana zao na nyimbo zao, likijipa kazi ya kuamua nani mgonjwa na nani mgeni. Una kitambulisho cha nchi, pita. Huna, jamaa anakunja mkono anakuonesha kiwiko: hiki kwa Kizulu kinaitwaje? Ukibabaika, rudi kwenu ukatibiwe huko. Manesi ndani hawakuwa na neno na mtu. Lakini nesi hawezi kukutibu kupitia nondo za geti.

Na hapa ndipo Bupe alipokuwa akikosa usingizi kwa hasira, maana Mama Henriette kiwiko alikijua. Alikijua, na goti, na kisigino, na matusi yote ya katikati. Miaka kumi na moja alisuka vichwa vya wanawake wa Kizulu, na msusi husikia kila kitu. Ukimsikia gizani ungedhani kazaliwa Umlazi, kwenye vitongoji vya Wazulu. Angeweza kupita geti lile huku anatafuna bisi.

"Sasa si uende?" Bupe alimwambia, si mara moja. "Unaona kalamu imebaki moja. Unajidunga nusu nusu kama unaonja chumvi."

"Bupe, mutoto yangu, mi niliongea mbele ya batu yote," Mama Henriette alijibu. "Nilisema hakuna mutu anaingia peke yake. Ule mwenye anajua Kizulu akipita, ule hajue anabakia inje anakufa. Tunaingia wote, siku moja. Sasa mi njo nitakuwa wa kwanza kuiba njia?"

Ndivyo ilivyokuwa. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, alilitoa kwenye mkutano wa jumuiya ya Wakongomani na likapita: Jumatatu saa moja asubuhi, Wakongomani wote, watu mia mbili, pamoja na wakili mwenye karatasi ya mahakama inayosema geti lifunguliwe kwa kila mgonjwa. Wakili alikuwa amewaeleza wazi. Karatasi peke yake watajifutia mikono. Karatasi yenye watu mia mbili nyuma yake watasoma.

Shida ilikuwa hao watu mia mbili.

Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi, wanaosemwa kusaidiwa na Rwanda, mwezi wa kwanza, viti vya jumuiya vilikuwa vimejigawa vyenyewe. Wa Kinshasa, watu wa Lingala, upande wa dirisha. Wa mashariki, watu wa Kiswahili, upande wa mlango. Hakuna aliyepanga. Mtu akiingia tu, miguu yake inajua. Upande wa dirishani walianza kunong'ona kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya waliouza Goma. Upande wa mlangoni walijibu kwamba wa Kinshasa nchi waliila wao, mashariki ikabakiwa na risasi. Mama Henriette, ambaye kaka zake wawili walikuwa hawajulikani walipo tangu vita ifike Bukavu, alikuwa akiitwa Mnyarwanda nyuma ya mgongo wake kwa sababu ya pua. Pua tu. Alirithi kwa bibi yake.

Jumapili walikutana kumalizia mipango, na Bupe akaitwa kama mtengeneza mabango. Alikaa pale saa mbili nzima akiwasikiliza watu wazima, wenye ndevu na watoto, wakibishana lugha gani iandikwe juu na lugha gani chini. Lingala juu, kwa sababu ndiyo lugha ya jeshi. Kiswahili juu, kwa sababu kina wasemaji wengi zaidi. Kifaransa juu, akasema mzee mmoja, na wote wakamzomea, na huo ndio ulikuwa umoja pekee wa siku ile.

"Andikeni Kizulu," Bupe akasema kutoka pale kwenye kona. "Ndio wenye geti."

Aliyecheka ni mmoja tu: Maman Deborah, mke wa Président Anatole, mwenyekiti wa jumuiya. Na hata yeye alicheka kwa kutafsiriwa, maana alifika kutoka Kinshasa mwaka uliopita na alikuwa na Lingala na Kifaransa basi, hata "sharp" ya kusalimiana mitaani alikuwa bado hajajifunza. Alikuwa na mimba ya miezi minane na presha iliyomvimbisha miguu mpaka akawa anavaa ndala za mumewe. Alikuwa hajapimwa tangu geti lifungwe. Kichwani alikuwa na mabutu mapya aliyosukwa na Mama Henriette Jumamosi, saa nne mfululizo, wanawake wawili hao wakielewana kwa Kifaransa kidogo na vicheko vingi.

Mwisho wakakubaliana mabango mawili, ukubwa sawa hadi kwenye sentimita. La Lingala, Anatole alituma maneno yake kwenye simu hapo hapo: CONGO EZALI MOKO. Kongo ni moja. La Kiswahili, Mama Henriette akamwachia Bupe.

"Weye uko na Kiswahili ya masomo," alimwambia wakitoka. Alikuwa na chupa ya pili ya maji mkononi na anaongea polepole. "Andika tu kama Kongo iko moja, hapana gawanyika. Ila tia na utamu kidogo."

Utamu. Bupe akashika wino.

Karakanani, Zénon alimfungulia mashine na kukaa kando na chai yake. "Hawa wanagombana lugha," alisema. "Sisi Burundi tuna lugha moja, kuanzia ziwani hadi mpakani. Tulichinjana bila kuhitaji mkalimani." Akapiga funda la chai. "Pima vizuri. Bango lao likizidi nusu kidole, itakuwa kesi."

Bupe alipima. Kisha akafikiria maneno. KONGO NI MOJA ilikuwa kavu, tena ni ile ile ya Lingala. Akakumbuka kampeni za nyumbani, magari ya vipaza sauti, watu wamejaa kwenye pikapu wakipiga kelele kwamba mgombea wao "anatosha", hana haja ya kuongezewa mtu. Hilo neno lilikuwa na nguvu. Kuna wanaotaka Kongo mbili? Waambie: KONGO MOJA INATOSHA. Alisimama mbele ya maneno yale, herufi nyekundu kitambaa cheupe, akajipongeza mwenyewe. Akalikunja bango bila kumwonesha mtu. Alitaka Mama Henriette alione likifunguka mbele ya watu.

Jumatatu asubuhi, baridi ya mwezi wa sita ikiwauma masikio, walikusanyika kwenye kituo cha mafuta karibu na robot, yaani taa za barabarani, hatua mia tatu hivi kutoka kliniki. Na walikuja kweli. Bupe alihesabu hadi mia na sitini akachoka. Walikuja akina mama wenye watoto mgongoni, mzee wa Kifaransa na bakora yake, wa dirishani na wa mlangoni. Hata Gaël, kijana wa Kinshasa mwenye Kiswahili cha mitaani na miwani ya jua isiyojali msimu, alikuja na kundi lake. Kwa mbali walisikia nyimbo za getini. Wakili alikuwa amesimama na bahasha yake kifuani, anatabasamu kama mtu asiyeamini bahati.

Mama Henriette alimshika Bupe mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu kama karatasi. Asubuhi hiyo kalamu ilitoa tone la mwisho. "Unaona?" alisema. "Unaona batu?"

Likafunguliwa bango la Lingala. Makofi, vigelegele, pande zote. Likafunguliwa la Kiswahili.

Macho yakabaki kwenye kitambaa, mikono mfukoni.

Bupe alifikiri wanasoma. Kisha akasikia Gaël akicheka, kicheko kile cha kuvuta mdomo upande mmoja. "Président," Gaël akasema, "njoo usome hii."

Anatole alisogea. Alikuwa mtu mnene wa suti, mwenye kupenda kusikilizwa. Kiswahili chake alikiokota sokoni Goma, alikouza vitenge miaka miwili, na katika Kiswahili cha soko lile kutosha si kutimia. Kutosha ni kuondoa, kutoa nje. Unatosha viatu mlangoni. Daktari anatosha jino. Mwenye nyumba anatosha mpangaji.

"Kongo moja inatosha," Anatole alisoma, neno moja moja, kwa sauti ya mkutanoni. Kisha akageuka. "Inatosha nani? Mama Henriette, nakuuliza. Kongo moja, ile yenu, inatosha ile ingine? Munatutosha sisi?"

Mnong'ono ukapita watu wote mpaka nyuma.

"Hapana! Subirini, sivyo!" Bupe alipaza sauti. "Kwetu kutosha ni kutimia. Ni kwamba moja inatimia, hatuhitaji ya pili! Kama chakula kikitosha!"

"Kwenu wapi?" Gaël akamuuliza. "Nani amekuita kwa mambo ya Kongo, Tanzanie?"

"Mmeniita nyinyi! Jana! Mkanipa na vipimo!"

Mama Henriette alikuwa akilitazama bango. Alilielewa kwa masikio yote mawili, la Bukavu na la Tanzania, na Bupe aliona uso wake ukizeeka pale pale. Lakini alipogeuka, aligeuka na kicheko.

"Président," alisema, "mwezi uliopita kwa arusi ya Odette, ule MC wa Tanzania alisema chakula inatosha, batu yote wakae. Ulikimbia? Ulisema banakutosha? Mi nilikuona. Ulipanga laini mara mbili."

Watu wakacheka, hata wa dirishani. Ilikuwa kweli; picha zilikuwepo. Anatole alijua maana zote mbili za neno lile kama anavyojua kiatu chake cha kulia na cha kushoto. Na hapo ndipo Bupe alipoona kosa la pili, ambalo halikuwa lake: Mama Henriette alimchekesha mtu mkubwa mbele ya watu wake. Shingo ya Anatole ilivimba ndani ya kola.

"Vita hapana mchezo," alisema. "Batu yetu wanakufa kule."

"Batu yenu? Kaka zangu ni batu ya nani?"

"Aongee Lingala!" Gaël akapiga kelele. "Kama ni Mkongomani, aongee Lingala tusikie! Loba Lingala, mama! Loba!"

Na kundi lake likaitikia, loba, loba, wakipiga makofi. Bupe hakuelewa Lingala, lakini hilo halikuhitaji mkalimani. Hatua mia tatu kutoka hapo, watu wengine walikuwa wakiwapima wenzao kwa kiwiko. Hawa walikuwa hata hawajafika getini, na wameshafungua la kwao.

Mama Henriette alisimama wima. Alimtazama Gaël, kisha Anatole.

"Mi niko Mukongomani tangu baba yako iko anakojoa kitandani," alimwambia Gaël kwa Kiswahili. "Sitafanya examen yako."

"Mnaona? Hawezi! Mnyarwanda!"

Neno lile, ambalo miezi yote lilitembea nyuma ya mgongo, sasa likaruka mbele mchana kweupe. Wa mlangoni wakaanza kusukumana na wa dirishani. Mtoto akalia. Wakili alikuwa akigeuka huku na huku akiuliza kwa Kiingereza nini kinaendelea, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumweleza.

Bupe alitoa wembe wake wa kazi mfukoni. Watu wakarudi nyuma, na kwa sekunde moja ilimfurahisha. Akalivuta bango, akalipasua kuanzia juu hadi chini, kwaruuu, akalitupa lile neno chini ya matairi ya gari lililokuwa likijaza mafuta.

"Haya!" alifoka, sauti ikimkatikakatika. "Kosa langu, nimelikata! Limebaki KONGO MOJA. Semeni sasa. Kuna asiyejua moja?"

Mwanamke mmoja upande wa Lingala alitaka kupiga makofi, mikono ikaishia hewani. Gaël alikuwa amenyoosha kidole.

"Mumeona? Mumeona wenyewe? Amekata Kongo na kisu."

Hasira ya Bupe ilipita mahali ambapo hasira huwa na maneno. Kama ni neno, neno lilikuwa chini ya gari. Wangeweza kuandamana sasa hivi. Hakuna aliyesogea, kwa sababu neno halikuwa sababu. Walikuja na sababu zao kutoka nyumbani, zimekunjwa vizuri, na yeye aliwapa tu pa kuzitundikia. Na walikuwa wakimtazama kwa namna ya kumhurumia, kana kwamba yeye ndiye mtoto hapo.

Ilichukua dakika kumi jumuiya kuisha. Hakuna aliyetangaza. Mtu alitazama saa, akasema kazini watamfukuza, akapungia taxi, daladala za huko. Akafuata mwingine. Taxi zikasimama moja baada ya nyingine pale kwenye robot, zikawameza wa Lingala na wa Kiswahili bila kuwauliza lugha. Gaël aliondoka na ya tatu, miwani usoni. Wakabaki watu kama thelathini na mabango mawili, moja zima, moja nusu.

Wakili alikwenda nao hivyo hivyo, Mama Henriette akibaki ng'ambo ya barabara. Jamaa wa getini, kijana wa kizibao cha njano, aliwahesabu kwa macho kwanza. Kisha akaipokea karatasi ya mahakama kwa adabu kabisa, akaisoma, akaikunja mara mbili, akaanza kujipepea nayo. Katika ile baridi. Wenzake walicheka hadi wakakosa wimbo. Wakili alirudi nyuma akibonyeza simu, akisema anaita polisi, na kila mtu alijua polisi wa kuja kwa simu hiyo watakuja kesho kutwa.

Anatole alimkalisha mkewe kwenye ukingo wa barabara, ng'ambo ya geti, mahali palipopigwa jua. Deborah alikuwa amefumba macho. Miguu yake ilijaa ndala hadi kamba zikazama kwenye ngozi. Anatole alisimama kando yake na suti yake, hana wa kumhutubia.

"Leo naingia," Mama Henriette alimwambia Bupe. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka.

"Ulisema hakuna kuingia mmoja mmoja."

"Jana tulikuwa bengi." Alifunga kitambaa chake kichwani kwa namna ya kinamama wa Kizulu, fundo mbele. "Sasa mi niko peke. Peke yake anaingia peke yake."

Bupe alimsindikiza hadi hatua chache kutoka getini, akaona mgongo ule wa Bukavu ukilegea na kubadilika, ukawa mgongo wa mama mwenye haraka anayetokea Umlazi. Kijana wa kizibao akakunja mkono.

"Yini le, ma?"

"Indololwane, mfana wami," Mama Henriette akajibu, na hakuishia hapo. Akaendelea kwa Kizulu, haraka, kwamba kiwiko chenyewe kimepauka hivyo, mama yake anamnyima mafuta? Jamaa wote wakaangua kicheko. Kijana akakificha kiwiko kwa aibu.

"Ngena, ma," akasema, na kufungua geti.

Mguu mmoja ulishaingia. Bupe aliuona: kiatu cheusi, upande wa pili wa reli ya geti, upande wenye insulini. Alianza kupumua. Kisha Mama Henriette akageuza shingo kuangalia nyuma, na Bupe akafuata macho yake hadi kwenye kile kichwa cha mabutu mapya pale ukingoni.

"Usifanye," Bupe akanong'ona. "Nakuomba. Usifanye."

Kiatu kikatoka.

"Unaingia au unatoka, ma?" kijana akauliza, na sasa kulikuwa na shaka kidogo katika sauti.

Mama Henriette alimpungia mkono wa nakuja. Alivuka barabara bila kuangalia magari, akamfikia Anatole, akafungua kinywa. Kikatoka Lingala.

Hakikuwa cha kubahatisha. Kilikuwa Lingala kizima, cha mwendo kasi, kikipanda na kushuka, cha mtu anayekitumia kugombana tangu ujana. Bupe alivuka kumfuata. Wale thelathini waligeuka wote. Mama Henriette alimsomea Anatole kwa sauti ya chini, kidole kikigusa tai yake kila baada ya maneno machache, na ile suti ikawa inapungua, inapungua, mpaka ikawa kama imetundikwa kwenye msumari. Hata mara moja hakumruhusu ajibu. Kisha akainama kwa Deborah, sauti ikawa nyingine kabisa, maneno machache tu. Deborah alifumbua macho, akaitika kwa kichwa. Mama Henriette akamwekea kiganja mdomoni, akakibonyeza, akakiondoa.

"Bupe," akasema kwa Kiswahili. "Shika huyu mwanaume. Akisema neno moja, hata 'aïe', bibi yake anakufa na mtoto."

Akamwinua Deborah, akamzungushia mkono kiunoni. Walivuka wawili wakitembea kama watu wanaobeba kabati.

"Na huyu?" kijana wa kizibao akauliza.

"Udadewethu. Akakhulumi, yisimungulu." Ndugu yetu huyu, haongei, ni bubu. Mama Henriette aligusa koo la Deborah na kutikisa kichwa kwa huzuni.

Kijana alimtazama Deborah usoni. Hakuwa mjinga naye. Akazunguka, taratibu, akasimama nyuma yake, akapiga makofi ghafla karibu na sikio. Deborah alishtuka, bila sauti. Bubu husikia, wengine. Kijana akafikiri. Kisha akaushika mkono wa Deborah juu ya kiwiko, pale kwenye nyama laini, akaufinya kwa kucha na kuuzungusha, akimwangalia mdomo, akisubiri ukelele utatoka kwa lugha gani.

Bupe alihisi Anatole akichomoka. Alimkumbatia kwa nguvu zake zote kutoka nyuma, akamziba mdomo kwa kipande cha bango alichokuwa nacho mkononi. Kifua kile kipana kilikuwa kikipanda kama cha ng'ombe anayechinjwa. Sauti ilimfikia Anatole hadi kwenye meno, Bupe aliisikia ikigonga kitambaa. Akameza. Ikagonga tena. Akameza tena.

Pale getini, machozi yalimtoka Deborah yakashuka hadi kidevuni. Mdomo wake ulibaki umefungwa. Aliuinua mkono wake wa pili akauweka juu ya tumbo, akamkodolea macho kijana yule, na akaendelea kunyamaza, mpaka ikawa kijana ndiye anayetazama chini.

"Ngenani," akasema, akaachia.

Waliingia. Geti likajifunga nyuma yao kwa mlio wa chuma, na wimbo ukaanza upya.

Bupe alimwachia Anatole. Anatole akakaa chini kwenye lami kama gunia, suti na yote.

"Amemufinya," alisema. "Bibi yangu. Amemufinya."

"Nimeona."

"Mi nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa kweli. Na nusu saa iliyopita ulikuwa kituo cha mafuta na watu mia na sitini. Alikusomea nini yule mama?"

Anatole alijipangusa uso kwa kile kipande cha bango, wino mwekundu ukamchafua shavu. Alikuwa akiangalia geti.

"Lingala yake," alisema, na kulikuwa na mshangao wa kweli ndani yake, karibu kama wa kusifu. "Ni ya Kinshasa kabisa. Ya ndani. Inashinda yangu. Kumbe anajua. Kwa nini hakusema tu pale? Angesema tu, tungekwenda wote."

Bupe alimtazama. Mtu huyu, baada ya yote, alikuwa bado akisahihisha mtihani.

Bupe akamwacha pale, akavuka barabara. Kule kulikuwa na kivuli na upepo wa baridi uliopenya hadi kwenye mbavu. Jua lote la asubuhi lilikuwa upande wa Anatole. Alikunja mikono, akauegemea ukuta wa kliniki mbali kidogo na geti, akawasubiria wale wawili huko.